Pakiti Zisizowasha Macho

Chumba cha mwisho, Nyumba za Mstari,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Alhamisi, tarehe 9, saa ya chakula cha mchana.

Mpendwa dada yangu,

Kabla ya salamu, na utanisamehe kwa kukosa adabu: maji yoyote mliyotia unga wa pakiti zetu, yamwage. Kama kuna kikombe mezani, mwaga sasa hivi, halafu urudi uendelee kusoma. Pakiti zilizobaki usizitie tena kwenye maji, hata moja, hata ile iliyofungwa vizuri na kubandikwa karatasi yake. Chemsha maji mpaka yatokote, yaache yapoe, hayo ndiyo mnywe, wewe na shemeji, na hasa huyo mwanao, Mzee wetu.

Umerudi? Haya, shikamoo dada. Hamjambo nyumbani? Shemeji hajambo, na ule mgongo wake anaouinamisha kwenye randa kutwa nzima umempa nafuu? Tope limeshatoka ndani ya nyumba au bado mnalifagia? Na Mzee, tafadhali, hajambo? Anacheza? Ananyonya? Tumbo lake likoje leo? Naandika maswali haya huku nikijua kwamba utayajibu nikiwa nimeshazeeka, maana jibu lako litanifikia lori likirudi, na lori lenyewe bado halijaondoka.

Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio sijui niuweke wapi. Mume wangu hajambo, anapaka rangi shule moja ng'ambo ya reli na anarudi jioni na nywele za buluu, na bado anaimba vibaya kila asubuhi. Anakusalimu. Yeye ndiye aliyeniambia nisikuandikie nikiwa na hofu, ningoje itulie. Nikamwambia hofu hii haitulii, nikiisubiri itaniandikia yenyewe.

Ningekupigia simu. Unakumbuka sheria ya marehemu mama, kwamba simu ni ya msiba na barua ni ya mazungumzo. Sheria hiyo nimeivunja tangu juzi. Napiga, na yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia hupatikani, kwa upole ule ule kila mara, mpaka nimemchukia mtu ambaye sijawahi kumwona. Inasemekana mnara wenu bado umelala matopeni. Kwa hiyo barua hii inakuja kwenye mfuko wa shati la dereva, na mimi naiandika juu ya boksi lililopinduliwa mlangoni mwa ghala, huku wenzangu wakipakia.

Dada, barua yako ya mwisho ilinifurahisha siku niliyoipata. Uliandika kwamba visima vyote vimeingia maji ya mto, lakini mgao umewafikia na mmepewa pakiti za unga wa kusafishia maji. Ukaona jina la ghala letu kwenye boksi, ukawatangazia majirani kwamba zile ni pakiti za mdogo wako, na kwamba siku hizi kijiji kizima kinakunywa maji kwa mkono wangu. Niliwasomea wenzangu mezani. Wifi alicheka mpaka akamwaga kipimo. Chini kabisa, karibu na salamu, ukaandika kwamba Mzee anaharisha kidogo, lakini usiogope, nadhani ni meno.

Dada, huenda si meno.

Sasa nikueleze pole pole, maana ukisoma haraka utafikiri nimechanganyikiwa. Unajua kazi yangu kwa juu juu, kwamba nafungasha. Ni hivi. Unga unakuja kutoka kiwandani kwenye mapipa ya plastiki yanayonifikia kifuani. Sisi tuliojipanga kwenye meza moja ndefu tunauchota, tunaupima kwenye mizani, tunautia kwenye pakiti ndogo, tunabana mdomo wa pakiti kwa mashine ya moto, tunabandika karatasi. Ile karatasi ina namba ya bechi, yaani mapipa yaliyotengenezwa pamoja kiwandani yanabeba namba moja, na pakiti inarithi namba ya pipa lililoizaa. Mwisho wa meza kuna skana, pakiti zikipita inalia tii, na kompyuta inaandika.

Kompyuta yenyewe anakaa nayo karani wetu ambaye sote tunamwita Miwani. Ndani yake kuna programu ya ghala. Kila pipa lina ukurasa wake, na kadiri tunavyofungasha pipa linapungua kwenye kioo mpaka lifike sifuri, ndipo programu inalifunga na kukuruhusu kufungua jingine. Uzuri ndio huo. Ubaya ni kwamba pipa la kweli halijui hesabu. Kila pipa likikaribia kwisha linabaki na unga kidogo chini, hautoshi kujaza boksi na huwezi kusema haupo. Ukiiambia programu kwamba kuna mabaki, inagoma. Inataka meneja aje aweke neno lake la siri, na meneja wakati huo yuko bandarini, yuko benki, yuko kwenye kikao. Meza nzima inasimama, malori yanapiga honi nje.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeniombea kazi hii na ndiye mkuu wa meza yetu, alikuwa na dawa ya jambo hilo tangu kabla sijaja. Yale mabaki tunayaita mkia. Unachukua mkia wa pipa lililokwisha unaumwaga juu ya pipa jipya, kisha unaiandikia programu kwamba kilichopungua ni vumbi. Vumbi kidogo inaliruhusu. Pipa linafunga kwa sifuri, Miwani anafurahi, meneja anafurahi, na hakuna kilichotupwa. Wifi unamfahamu. Ni mwanamke anayepasua bomba la dawa ya meno kwa mkasi ili apate ya leo na kesho. Kwake kutupa unga mzuri ni dhambi, na mimi nilimsifu kwa hilo, nikasema ndiyo maana nyumba yake haijawahi kulala njaa. Akiba haiozi, tulikuwa tunaambiana, tukimwaga mkia.

Nakuomba ushike jambo moja hapo: pakiti za kwanza kutoka pipa jipya unga wake karibu wote unakuwa mkia, lakini karatasi zake zina namba ya pipa jipya.

Sasa nikwambie siku ya kicheko. Huu unga wetu ni mkali. Hata ukivaa barakoa unapanda machoni, tunakwenda nyumbani kila siku tukiwa kama watu waliotoka mazikoni. Mume wangu siku za kwanza alikuwa ananiuliza nani amekutenda. Basi siku moja, wiki mbili tatu kabla ya barua yako, tulifungua pipa na macho hayakuwasha. Tukachota, wapi. Mmoja wetu akashusha barakoa, akavuta pumzi, akasema jamani, wenye kiwanda leo wametuonea huruma. Tukazishusha sote. Tulipiga soga siku ile, dada, kama wanawake walioketi uani wanasukana. Wifi alituhadithia habari za mchumba wake wa zamani aliyekuja kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, mwenye viatu akamfuata papo hapo. Mapipa yasiyowasha yalikuwa yamechanganyika na mengine kwenye shehena, hili halikuwashi, linalofuata linakuwasha, na kila tulipopata lisilowasha tulishangilia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini unga wa kuua vijidudu umekuwa mpole kiasi kile. Sikujiuliza na mimi.

Siku hiyo hiyo ndipo ilipokuja oda yenye jina la kijiji chenu. Nililiona kwenye kioo cha Miwani nikaruka. Nikawaomba wenzangu hizo waniachie, zinakwenda kwa dada yangu, nataka nizifunge kwa mkono wangu. Wakaniachia, wakanitania kwamba nitatia na barua ndani. Na mimi, dada, sikutaka kukupa unga wa chini ya pipa uliokwisha kukaa wazi. Nilitaka kukupa mpya kabisa. Nikangoja pipa la zamani, lile lisilowasha, liishe, nikamwaga mkia wake juu ya jipya, nikaanza kukuchotea wewe kutoka juu, kwa mikono miwili, na macho yangu yakiwa makavu kabisa.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama, nikaenda kunawa uso, nikarudi.

Juzi meneja alitukusanya. Alikuwa na barua ya kiwanda mkononi. Akasema kuna bechi moja ya unga uliopata unyevu kiwandani ukakosa nguvu. Hauui kitu. Mtu akiutia kwenye maji ni sawa na kutia chokaa, atakunywa maji ya mto yale yale huku akijiona salama. Miwani akaingiza namba ya bechi ile kwenye programu, na kioo kikajaa nyekundu: mapipa yake, pakiti zake, na miji yote pakiti hizo zilikokwenda. Tulisimama nyuma yake tukitazama. Kijiji chenu kilikuwa chini upande wa kushoto. Kilikuwa kijani.

"Maboksi ya dada yako hayamo," Miwani akaniambia, na alitabasamu kwa kunifurahia.

Wenzangu walinigonga mgongo. Mimi nilimtazama wifi, na wifi alikuwa anatazama sakafu. Hapo ndipo nilipoukumbuka mkia. Kompyuta haikusema uongo, dada. Ilisema tulichoiambia. Sisi ndio tuliokuwa tunaiambia vumbi.

Wifi alinifuata bombani, kule nyuma tunakonawia mikono. Alifungulia maji mengi ili tusisikike. Sijawahi kumwona akipoteza maji.

"Najua unachowaza," akasema. "Usikiwaze."

"Wifi, maboksi ya dada niliyafunga siku ile."

"Kompyuta imesema kijani."

"Kompyuta haijui mkia."

"Basi isiujue," akasema. "Ukiwaambia mkia, si boksi moja. Ni kila boksi lililotoka hapa tangu bechi ile ije. Wataifunga meza yote. Wale wenzetu wana watoto, na mimi je? Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Utanitoa mimi?"

Nikamwambia nina barua mfukoni inayosema mtoto anaharisha na mama yake anadhani ni meno. Sikuisoma. Nilimpa tu ashike. Aliishika kwa mikono yenye maji mpaka wino ukaanza kuvuja, kisha akanirudishia, akafunga bomba.

Dada, niliogopa. Sitakuficha. Nilitembea kutoka bombani mpaka mlango wa meneja na kurudi, nikajifanya natafuta gundi. Niliwaza kodi ya chumba, niliwaza mume wangu atakavyokaa kati ya mke na dada yake, huku ndoa, huku damu. Niliwaza labda mkia ulikuwa mdogo. Labda lile pipa silo. Labda meno ni meno. Kisha nikakumbuka safari zetu za utotoni, tukienda kwa shangazi kwa miguu, jinsi kila mahali tulipopewa maji ulivyokuwa unapokea kata wewe kwanza. Ulikuwa unaonja, unangoja kidogo ukinitazama, ndipo unanipa. Nilikuwa nakasirika, nafikiri ni uroho. Nikajua kwa hakika kwamba maji yale ya pakiti zangu hukuyaonja kwa namna hiyo. Ungeyaonja ya nini? Yalitoka kwangu.

Nikagonga mlango.

Nilimweleza meneja mkia kama ninavyokueleza wewe, vibaya zaidi, maana nilikuwa nalia. Aliketi. Akauliza tangu lini, nikasema tangu zamani. Akauliza nani alianzisha, nikasema sote tunafanya. Akarudia kuuliza nani alianzisha, na sauti yake haikuwa nzuri, na hapo mlango ukafunguka nyuma yangu. Wifi aliingia akijipangusa mikono kwenye kanga ya kiunoni.

"Ni mimi," akasema. "Mama yangu alinifundisha nisitupe kitu. Na mashine yako, meneja, haikunifundisha nitupe wapi."

Meneja aliikunja ile barua ya kiwanda. Nilifikiri atatufukuza pale pale, na sijui bado kama hatatufukuza haya yakiisha. Lakini alichofanya ni kumwita Miwani na kumwambia kila boksi lililofungwa baada ya bechi ile kuingia libadilishwe rangi. Miwani hakuelewa, akauliza hata yale ya kijani? Hata ya kijani. Akaanza. Tulisimama nyuma yake tena, tukatazama miji na vijiji vikigeuka njano kimoja kimoja, na kilipofika chenu, Miwani hakubonyeza. Aligeuka akanitazama kwanza. Nikamwambia bonyeza.

Tangu hapo hatujainua kichwa. Kiwanda kimeleta unga mwingine, mkali wa kweli kweli, na tunafungasha upya kwa ajili ya kila mahali palipogeuka njano. Macho yanatiririka meza nzima na hakuna anayelalamika. Aliyekuwa analalamika zaidi ndiye sasa kila pipa jipya likifunguliwa anainamisha uso juu yake, anavuta, anakohoa, anasema alhamdulilahi. Wifi haongei nami sana. Hajaninunia. Miwani amemwomba aliyetengeneza programu aweke mahali pa kuandikia mabaki, na sasa mkia unakwenda kwenye ndoo yenye mfuniko, unapimwa, unaandikwa, unamwagwa. Jana ilikuwa mara ya kwanza wifi kuumwaga mkia mwenyewe. Alisimama na kile kipimo juu ya ndoo, mkono ukakataa kuinama. Nilimshika kifundo tukamwaga pamoja. Akasema, "Mama angenipiga." Nikasema angekupiga, ndiyo.

Njano, dada, haiponyeshi mtu. Ndiyo maana sijatulia. Kioo kinaonyesha kwamba tumejua. Hakinionyeshi jiko lako, wala ule mtungi wako wa buluu wenye ufa, wala uso wa Mzee. Hapa nikifungua bomba nyumbani kwangu nakaa natazama glasi. Mume wangu ananiuliza unatafuta nini humo. Natafuta kitu ambacho hakionekani. Maji mabaya na maji mazuri yanafanana kabisa, na mimi nilikuwa nimeajiriwa ili wewe usilazimike kuyatofautisha.

Sasa nisikilize vizuri, na unisamehe kwa kukuamuru, leo mdogo ndiye mkubwa. Kwanza Mzee. Asingoje. Mpeleke zahanati, umwambie nesi alikunywa maji yaliyotiwa unga usio na nguvu, usiseme meno, usiseme kuharisha kumepungua. Ukiona macho yamedidimia, au halii machozi akilia, au amelegea, usisubiri hata dereva amalize kushusha, panda naye lori lile lile, nimeshamwambia. Usiache kumnyonyesha. Wewe na shemeji pia mjiangalie, maana najua ninyi mtajiita wazima mpaka muanguke.

Pili, pakiti. Zote, na zilizofunguliwa, na hata ile nusu uliyoifunga kwa uzi ukaiweka juu ya kabati, maana najua umeiweka, na wewe ni wifi mwingine. Mpe dereva arudi nazo. Usijaribu kuchagua nzuri na mbaya. Usiamini ile karatasi. Ukiifungua ukaona imekuwasha kidogo, usiamini na huko kuwasha, maana tulichanganya.

Tatu, majirani. Uliwatangazia kwamba wanakunywa maji kwa mkono wangu. Tafadhali watangazie tena. Toa ile sauti yako uliyokuwa unaniitia kutoka upande wa pili wa bonde, ambayo baba alisema ingefaa kuuzwa kwa jeshi. Usinitaje jina ukitaka, au nitaje, sijali. Wachemshe. Wasipokusikia kwa kuwa wamekwisha kuamini pakiti, waambie aliyezifunga ndiye amekataza.

Dereva anayekuletea barua hii anaitwa Polepole, na jina amelipata kwa haki. Kila lori linampita, hata matrekta. Asubuhi nilimfuata nikamwambia kaka, leo nakuomba ukimbie. Alinitazama, akaiweka barua yako ya meno niliyomwonyesha juu ya usukani, akaisoma. Akasema, "Leo hilo jina naliacha hapa getini, nitalichukua nikirudi." Umpe chakula, ana njaa ya kudumu. Na umwachie nafasi ya kulala kidogo kabla hajageuza.

Msalimie sana shemeji, mwambie ile meza aliyoniahidi bado naingoja, lakini asiitengeneze sasa, akae na mwanawe. Msalimie mama mkwe wako, mwambie dua zake nazihitaji kuliko zamani. Wasalimie majirani, na uwaombee radhi kwa niaba yangu, mpaka nitakapokuja kuwaomba mwenyewe uso kwa uso. Wifi anakusalimu. Nilipomuuliza kama nimtie kwenye salamu alisema nisimtie, kisha akarudi akasema nimtie. Mungu awafunike wote humo ndani, ampe Mzee nguvu ya kulia kwa sauti, na atangulie mbele ya lori hili.

Wananiita, wanafunga turubai. Jambo la mwisho ndilo hili. Juu ya mzigo kuna boksi moja nililolifunga leo peke yangu, kutoka katikati ya pipa ambalo halikumwagiwa mkia wa mtu yeyote. Nimelifunga kwa kamba nyekundu ulijue. Usilipokee na kuliweka. Lifungue mbele ya Polepole, toa pakiti moja, ikate mdomo, usogeze uso karibu. Mzee mweke mbali, huu si wa pua yake. Sitaki salamu wakati wa kurudi, wala shukrani, wala barua ndefu. Nimemwagiza Polepole aniletee neno moja tu, na nitamngoja getini hapa hapa mpaka aje aniambie: kwamba mtoto yuko hai, na wewe ulipofungua pakiti yangu, ulilia.

Wako akupendaye na kukuhofia,
Mdogo wako, yule uliyekuwa unamwonjea maji.